Nzuri, Ila

Mama mdogo Hilda hana digrii. Naanza na hilo kwa sababu ndilo waliloanza nalo wakubwa wa chuo, mbele yake, kana kwamba hayupo chumbani: "Huyu mama hana digrii, lakini fomu inadai mwakilishi wa jamii." Mimi ninayo. Imo ndani ya bahasha ya kaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na nikiiona hasira hunipanda mpaka leo. Kwa hiyo msitegemee nisimulie kwa upole.

Alizaliwa juu huko Mbulu, mtoto wa nne wa katekista aliyelima ngano na maharage. Akasomea uuguzi miaka ile ambayo cheti cha daraja B kilimfanya msichana apishwe njiani. Kazi ya kwanza alipelekwa Yaeda Chini, kwenye zahanati ya vyumba viwili ambayo gari la dawa liliifikia pale tu tope lilipotaka. Akakaa miaka tisa. Wagonjwa wake walikuwa wafugaji na wawindaji, watu wasiomjia nesi mpaka nesi awaendee, naye aliwaendea kwa miguu, na mkoba wa turubai begani. Alipohamishiwa Nangwa magoti yalikuwa yameshaanza kumuuma, na hayakuacha tena.

Mimi alinichukua nikiwa darasa la pili, mama yangu, dada yake, alipofariki. Nilimwogopa kwa jambo moja. Nikitoka shule aliniuliza, "Habari za shule, Loveness?" Nami nilijibu kama mtoto yeyote aliyelelewa, "Nzuri." Basi hapo mama wa mwenzangu angeendelea na mboga yake. Yeye aliacha. Alishika mwiko hewani akanitazama mdomoni, kimya, mpaka nikaona afadhali niseme. "Ila nimechapwa." "Ila daftari limeibiwa." Siku moja nilimuuliza kwa nini asiulize moja kwa moja kilichonipata.

"Sisi kwetu huku kila kitu ni nzuri," alisema. "Hata kama maiti iko ndani, ukiulizwa habari za nyumbani ni nzuri. Hiyo ni adabu, siyo jibu. Jibu linaanza kwenye ila. Nesi asiyeweza kusubiri ila akauze nyanya."

Nilidhani ni ukali wake tu. Alikuwa ananipa shahada nzima bila ada, nami sikujua.

Chuo nilichosoma kilifunguliwa miaka kumi hivi baada ya mkoa wetu wa Manyara kuzaliwa. Jina lake silitaji, maana sitaki kulitamka. Zilikuwa zama za soko huria zilizokomaa: mwenye ghala, ghala lake likawa sekondari, mwenye gesti, gesti ikawa chuo. Chetu kilikuwa gesti. Namba za vyumba zilibaki milangoni, na mambo ya mifupa na misuli tulisomea namba saba, chumba ambacho hakikuacha kunuka sabuni ya shuka. Mkuu wa chuo, Dakta Nikolausi, alikuwa na udaktari wa mambo ya biashara. Na programu yetu ilikuwa na jina zuri kuliko lake: Shahada ya Uuguzi na Tiba Shufaa. Tiba shufaa ni kumhudumia mtu ambaye hatapona, asiteseke mpaka siku yake ifike. Ni kazi ambayo mama mdogo aliifanya miaka thelathini bila kujua kuwa ina jina.

Tulikuwa wanafunzi arobaini na wawili na mgonjwa mmoja. Mgonjwa huyo alikuwa mdoli wa plastiki, tukamwita Bura. Bura tulimgeuza ubavu, tulimwogesha, tulimchoma sindano mpaka mkono ukafanya tundu. Hakuwahi kulalamika hata mara moja, na nadhani hilo ndilo walilotaka tujifunze.

Mwaka wa tatu wakatutuma majumbani na fomu. Ile fomu ilikuwa imetafsiriwa na mhadhiri mmoja aliyekuja na kuondoka kabla hatujamshika jina. Swali la kwanza lilikuwa hili: *Habari za maumivu leo?* Chini yake visanduku vitatu. Nzuri, sifuri. Wastani, tano. Mbaya, kumi. Dawa ya mofini, ile ya maji inayotuliza maumivu makali, ilifungiwa kabatini hospitali, na ili chupa itoke ilibidi namba ifike saba. Chini ya hapo mgonjwa anapewa panado.

Naomba msomaji yeyote anayejua Kiswahili alisome tena swali hilo. Habari za maumivu. Ni nani, aliyezaliwa wapi, atajibu mbaya? Tulikuwa arobaini na wawili, wote watoto wa nyumba zenye adabu, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono darasani akasema swali hili ni salamu. Mimi niliyelelewa na yule mama mwenye mwiko hewani, nami sikunyoosha.

Nikapangiwa Mzee Gidamis.

Alikuwa Mbarabaigi, mfugaji wa mbugani chini ya Mlima Hanang, mwenye saratani iliyokuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kutosha kuuzia ng'ombe. Na wanaume wa kwao wanafundishwa tangu utotoni kwamba kuugulia mbele ya mgeni ni aibu. Nilimkuta ameketi wima kwenye ngozi, amejifunga shuka lake vizuri, fimbo pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Habari za maumivu leo?"

"Nzuri."

Nikatia tiki. Sifuri. Nikamshukuru, nikaondoka, na bodaboda ilikuwa bado haijazima injini. Nilirudi siku ya nne: nzuri, sifuri. Nilirudi siku ya saba: nzuri, sifuri. Fomu zangu zilisifiwa kwa usafi.

Siku ya nane binti yake, Juliana, aliyekuwa akiuza maziwa Katesh, alikuja Nangwa kumtafuta mama mdogo. Hakujua kuwa nesi huyo ni mlezi wangu. Alisema tu baba yake hali wala halali, na binti mmoja wa chuo anakuja kumsalimia kisha anakwenda zake. Hivyo ndivyo alivyoielezea kazi yangu: kumsalimia. Kisha akatangulia kurudi. Mama mdogo alikuwa amestaafu tayari. Akachukua ule mkoba wa turubai, na kwa kuwa nilikuwa nimekuja nyumbani siku hiyo kufua, akaniambia nimsindikize. Njiani nikatambua tunakwenda wapi. Sikusema neno.

Aliketi chini, siyo kwenye kigoda alicholetewa. Akasalimia kwa Kibarabaigi, kisha Kiswahili. Akauliza mvua. Nzuri. Akauliza ng'ombe. Nzuri. Akauliza mwili. Nzuri. Halafu akanyamaza. Kimya kile mimi kilinishinda, nikawa nahesabu kuku waliopita mlangoni. Mama mdogo hakuhesabu chochote. Alimtazama mzee mdomoni tu.

"Ila mgongo," alisema Mzee Gidamis.

"Mgongo umefanyaje, baba?"

"Unanila. Unanila kama fisi, mchana anakula, usiku anakula."

Mama mdogo akashika pindo la shuka la mzee, akalifungua kidogo, akaniita nisogee. Pindo lote lilikuwa limetafunwa. Matundu ya meno, moja baada ya jingine, kuanzia pembe mpaka pembe. Kwa siku nane mwanamume yule alikuwa akiuma shuka ili asilie, na mimi nikawa napita kumwandikia sifuri.

"Nani alikuwa anakuja hapa?" mama mdogo alimuuliza Juliana.

Juliana akanitazama. Alikuwa amenitambua tangu tulipofika, akanistahi kwa kuwa nimekuja na mkubwa wangu.

Mama mdogo hakunigombeza pale. Alikwenda hospitali mwenyewe, akagombana kwenye dirisha la dawa mpaka chupa ikatoka, akarudi nayo. Mzee Gidamis aliishi siku kumi na mbili baada ya hapo. Alikunywa maziwa, alilala, na aligawa ng'ombe wake kwa maneno yake mwenyewe. Hakupona, na hakuna aliyeahidi kuwa atapona. Ila zile siku nane hakuna wa kumrudishia, na zimo kwenye hesabu yangu.

Nyumbani mama mdogo aliniketisha. "Lete fomu," alisema. Nikampa nakala zote tatu. "Soma."

"Sifuri."

"Ya pili."

"Sifuri."

"Ya tatu usisome. Nani amekufundisha hivi?"

Nilimwambia. Nikamwambia visanduku, nikamwambia ile saba ya kutolea mofini, nikamwambia Bura. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umemvimba kwa hasira, na nilitamani anipige kofi yaishe. Hakunipiga. Aliziweka fomu zile kwenye mkoba wake.

Mwezi uliofuata jopo la tathmini likaja kupima ubora wa programu. Likipitisha, tunahitimu baada ya wiki tatu. Likikataa, hatuhitimu. Lilihitaji mwakilishi wa jamii, na Dakta Nikolausi akamteua mama mdogo, akidhani amepata bibi mstaafu wa kupiga makofi. Alinichukua nami kama mwakilishi wa darasa, ili nibebe mafaili. Kwa hiyo niliona kila kitu.

Waliona kompyuta ishirini, zilizoazimwa jana yake kutoka sekondari moja, nyingine bado zimeandikwa jina la shule hiyo ubavuni. Walihesabu vitabu. Walihesabu viti, vyoo na ndoo za maji tiririka. Walimbonyeza Bura tumboni. Mwenyekiti wa jopo, Profesa Sebastiani, alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mahubiri, na kila alichokiona alisema, "Vizuri sana." Kisha Dakta Nikolausi akasimama na kusoma takwimu zake. Asilimia tisini na sita ya wagonjwa wetu wa majumbani, alisema, hawana maumivu kabisa.

Asilimia tisini na sita! Sifuri zetu zote, zangu na za wenzangu, walikuwa wamezijumlisha, wakazigawanya, wakazipaka rangi, wakazipandisha ukutani kwa projekta. Shuka la Mzee Gidamis lilikuwa mle ndani ya ile asilimia. Na jopo likapiga makofi.

Mama mdogo akanyoosha mkono. "Shikamooni wakubwa," alisema, ingawa wote aliwazidi umri isipokuwa Profesa. "Mmekwenda kwa mgonjwa yeyote?"

"Mama, wagonjwa hawamo kwenye hadidu za rejea," Profesa alimjibu kwa upole.

Mama mdogo akatoa fomu zangu tatu kwenye mkoba, akazieleza. Profesa alizigeuzageuza. "Zimejazwa vizuri sana," alisema, akamrudishia. Kisha wakaleta pilau.

Mwishoni wakampa fomu yake. *Maoni ya mwakilishi wa jamii kuhusu programu*, na mistari mitatu. Niliketi karibu naye nikaona mkono wake. Mama yangu yule mkali, mwenye hasira ya mwezi mzima kifuani, ameshalishwa pilau ya wageni, wageni wanamtazama, aliandika: *Programu ni nzuri.* Kisha: *Ila*. Baada ya hapo mistari haikutosha. Akageuza karatasi, akajaza upande wa pili wote kwa maandishi madogo ya mtu wa daraja B: kwamba swali la maumivu ni salamu, kwamba wanafunzi hawajawahi kugusa mtu anayekufa, kwamba hakuna anayejua lugha ya mbugani, kwamba mzee mmoja alitafuna shuka lake siku nane, na kwamba wasihitimu hata mmoja mpaka wakae wodini. Alijua kuwa mimi ni mmoja wao. Hakunitazama alipokuwa anaandika.

Wiki mbili baadaye ripoti ikabandikwa ubaoni. Nilinakili mstari wake nikampelekea Nangwa. Alisoma amesimama mlangoni. *Mwakilishi wa jamii, Bi. Hilda, amesema programu ni nzuri.*

"Upande wa pili?" aliuliza.

"Haupo, mama."

"Wameniwekea nukta," alisema. Akasema tena, safari hii kwa sauti ya juu, "Loveness, mimi! Wameniwekea nukta!" Kisha akaketi na kunikatalia chai yangu niliyomchemshia. Baadaye sana alisema, "Wewe maliza masomo yako."

Siku ya kusoma ripoti wazazi waliitwa. Yeye hakuitwa, kazi yake ilikuwa imekwisha. Ukumbi ulijaa. Baba wa mwanafunzi mwenzangu Violeth, Mzee Basili, alikuwa ametoka Mbulu na koti la kanisani, maana Violeth ndiye wa kwanza kwao kufika chuo. Niliketi mbele na mafaili yangu. Profesa Sebastiani akapanda jukwaani, akatuangalia kwa furaha ya kweli, akasema, "Wanafunzi, habari za masomo?"

"Nzuri!" ukumbi ukaitika.

"Mwakilishi wa darasa, simama wazazi wakuone. Habari za masomo, binti?"

Nilisimama. Nataka nikiri kwamba sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimekuja kuchukua digrii yangu. Lakini neno lilikuwa tayari ulimini, nzuri, limekaa pale tangu darasa la pili, na nilijua nikilitoa mbele ya mtu huyu hatasubiri. Ataliwekea nukta.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Habari za masomo?"

"Mbaya."

Watu wakacheka. Mtu hajibu hivyo. Mtu mwenye akili timamu, akiulizwa mbele za wakubwa, hajibu hivyo, kwa hiyo walidhani natania. Profesa naye akacheka, akauliza tena.

"Mbaya," nikasema. "Kwenye fomu yenu mbaya ni kumi. Andikeni kumi."

Hapo nikasema yote. Nilisema mimi ndiye niliyeandika sifuri tatu za Mzee Gidamis. Nilisema shuka. Nilisema mama mdogo aliandika ukurasa mzima nyuma ya karatasi na mtu mmoja akauacha, na nikauliza ni nani. Sauti yangu ilikuwa mbaya, ya kupiga kelele, na sikuishusha. Dakta Nikolausi alikuwa akimwashiria mlinzi. Mzee Basili akasimama nyuma. "Kaa chini wewe! Mwanangu amebakiza wiki moja!" Nilimwelewa. Mpaka leo namwelewa, na Violeth hanisalimii.

Profesa Sebastiani alifungua faili lake, akatafuta karatasi ya mama mdogo. Akaigeuza. Alisoma upande wa pili pale pale jukwaani, amesimama. Sijui kama alikuwa hajaiona au aliona akapita, na sitamsafisha. Alipomaliza alisema mahafali yasimame mpaka jopo liende kwa wagonjwa. Ikaja kuwa mwaka mzima wodini kwa wote arobaini na wawili, na wazazi wakanilaani kwa zamu.

Nilitembea mpaka Nangwa kwa miguu, sare ikiwa imeloa jasho. Mama mdogo alikuwa uani anapukuchua mahindi kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamwambia. Alisikiliza akiendelea kupukuchua. Nilipofika kwenye neno mbaya, vidole vikasimama.

"Ulimwamkia kwanza?"

"Nilimwamkia."

"Shikamoo kabisa?"

"Shikamoo kabisa, mama."

"Haya." Akaendelea na mahindi. Nikaketi kwenye gogo pembeni yake, nikachukua hindi moja nikashindwa kulipukuchua. Baada ya muda akaniuliza, bila kuinua uso, "Na moyo je? Habari za moyo?"

"Nzuri," nikasema.

Akaweka gunzi chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akanigeukia, akanyamaza, akanitazama mdomoni.

"Ila Mzee Gidamis," nikaanza, na kilio kikanitangulia.